Stendi Isimame kwa Kimo cha Nani

Nyinyi majirani zangu wa hapa Nakuru mmekuwa mkiingia studio mmoja mmoja, mkijidai mmekuja kupiga picha ya kitambulisho, kumbe mnataka kulitazama sikio langu lililovimba. Nimesimulia mpaka koo limekauka. Basi leo nimekaa nikaandika yote, na atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi asome mwenyewe.

Mnatujua. Mimi ni mfupi, na mume wangu Baba Saidi ni mrefu kiasi kwamba huinama mlangoni hata mlango usipomgusa. Hapa studio ugomvi wa kimo ulikwisha zamani: stendi ya kamera imekazwa kwa urefu wake, nami nina kreti ya soda ya kupandia. Lakini kazi ya studio ni nyuso za watu, na kiti hakisogei. Safari hii tulipata kazi ya namna nyingine. Mchapishaji mmoja wa kalenda alitaka mandhari ya Kakamega: mashamba, mawe makubwa, ukungu wa asubuhi, na asiwepo mtu hata mmoja anayetabasamu. Picha moja ya majaribio. Akiipenda, kurasa zote za kalenda ya mwaka tisini na sita zingekuwa zetu. Nami nilikuwa nimechoka kuwaambia watu wainue kidevu.

Rodah, jirani yetu muuza mitumba, alitupa mahali pa kufikia, kwa mama yake huko Malinya. "Pale kwetu ukisimama juu ya mawe unaona dunia yote," alituambia. Mengine hakuyasema, na kwa hilo bado sijamsamehe.

Kreti hatukubeba. Baba Saidi alisema kusafiri na kreti tupu ya soda ni aibu.

Kisumu hadi Butere

Kutoka Nakuru hadi Kisumu sina la kusimulia kwa sababu nililala. Hadithi inaanzia kwenye treni ya Butere.

Stendi nilikuwa nimeizungushia leso yangu ili isikwaruzike, nikaiegemeza kwenye bega. Miguu yake mitatu, yenye soli za mpira, ilikuwa ikichungulia chini ya leso. Behewa lilikuwa limejaa, nami nilikuwa nimesimama nikiyumba. Mama mmoja mwenye kapu la omena aliitazama ile miguu ya mpira, akanitazama mimi, akasimama.

"Keti, mama. Pole sana."

Nikaketi. Nilidhani ni ukarimu tu.

"Ni mguu gani?" akaniuliza kwa huruma.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anaiona stendi kuwa ni magongo. Nilimgeukia Baba Saidi anisaidie kueleza. Yeye alikuwa ameona kwamba kando yangu pamebaki nafasi ya mtu wa kumwangalia mgonjwa. Akaketi, akakunja miguu yake mirefu, akasema, "Yote miwili."

Tangu hapo sikuwa na njia ya kurudi nyuma. Treni ikasimama Luanda, ikakaa kana kwamba imehamia huko. Wengine walisema injini imechoka, wengine walisema dereva ameshuka kunywa chai. Wachuuzi walipanda, na watu wakaninunulia vitu: mahindi ya kuchoma, karanga, ndizi mbivu. Kila nilipokataa walizidi kunihurumia. Baba Saidi hakukataa kitu.

Kisha bwana mmoja aliyevaa tai, mkononi ana Biblia, akasogea karibu. "Mama, utaruhusu tukuombee hiyo miguu?"

Nilijifunika ushungi vizuri ili aone tuko dini gani. Aliona, na akasubiri jibu vilevile, kwa adabu.

"Dua ni dua," Baba Saidi akamjibu huku akimenya ndizi.

Behewa zima likainamisha vichwa. Aliomba kwa bidii hadi jasho likamtoka, na akasema maneno mazuri kuhusu mama aliyebeba watoto kwa miguu hiyo. Nusura nilie. Nilifikiri, nikishuka lazima nichechemee, tena nichechemee vizuri, ili nisimvunje moyo.

Lakini tulipofika Butere nilisahau. Treni ilisimama kwa mshtuko, nikaona mfuko wetu wa filamu ukiteleza kuelekea mlangoni, nikaruka. Niliudaka, nikashuka ngazi mbio, nikasimama chini ya jua na mfuko kifuani.

Nyuma yangu abiria walijazana mlangoni. Halafu yule mama wa omena akapiga kigelegele.

"Ametembea!"

Jamani, siwezi kuwaeleza furaha ile. Walinisindikiza kwa nyimbo na makofi hadi nje ya stesheni. Bwana wa tai alikuwa akilia. Baba Saidi alifuata nyuma na stendi begani, na kijana mmoja akamshika mkono: "Baba, tupa hizo! Hatahitaji tena!" Ilibidi aikumbatie kama mtoto mchanga. Sikuthubutu kusema ukweli. Niliwashukuru wote, na shukrani ile haikuwa ya uongo, maana wengi kati yao hawakuwa na chakula kingine zaidi ya kile walichonipa.

Butere hadi Kakamega, kwa njia ya Bukura

Tulipata lifti kwenye pikapu ya Bwana Mukabwa, mtengenezaji wa mizinga ya nyuki, aliyekuwa akipeleka mizinga Kakamega. Karibu na Bukura jua lilianza kulala juu ya mashamba ya miwa, na mwanga ukawa wa dhahabu. Nilimwomba asimamishe gari tujaribu picha moja.

Baba Saidi akaivuta miguu ya stendi yote mpaka mwisho, akakaza skrubu, akachungulia. "Maridadi," akasema.

Mimi niliona tumbo la kamera.

"Ishushe," nikamwambia.

"Mama Saidi, mandhari yanataka urefu. Ukiwa juu unaona mbali. Ukishuka, unapiga picha ya majani."

"Wewe ndiye unayeona mbali. Kidole cha kubonyeza ni changu, na jicho la kupanga picha ni langu. Nitapangaje kitu nisichokiona?"

"Panda juu ya kitu."

Kreti ilikuwa Nakuru. Bwana Mukabwa, mtu mwema, akashusha mzinga mmoja akauweka nyuma ya stendi.

"Mtupu?" nikamuuliza.

"Ni mutupu, mama. Ilikuwanga na nyuki, rakini ilihama."

Nikapanda. Na kweli yalionekana maridadi, nakiri: miwa ikiwaka kama moto hadi upeo wa macho. Nilikuwa nazungusha lenzi nilipohisi nyayo zangu zinatetemeka. Mwanzoni nilidhani ni furaha. Nyuki wa Bwana Mukabwa walikuwa wamehama, lakini inaonekana kuna wengine walikuwa wamehamia.

Wa kwanza alinipata sikioni. Niliruka, kidole kikabonyeza, kamera ikapiga picha ya mawingu. Baba Saidi alikimbilia ndani ya miwa, na kwa urefu ule kichwa chake kilibaki nje kikienda kasi kama kofia inayobebwa na mto. Bwana Mukabwa, aliyekuwa amerudi kwenye usukani, hakutoka. "Musikimbie!" alipiga kelele. "Nyuki haipendi mutu mwenye anakimbia!"

Stendi ilibaki barabarani peke yake, imesimama wima kwa kimo cha Baba Saidi, haina shida na mtu.

Tulifika Kakamega jioni bila kusemezana. Mwenye nyumba ya wageni alinipaka kitunguu sikioni. Baba Saidi alimwambia yule mwenye nyumba, si mimi, kwamba kama watu wangekubali kubeba vitu vyao wasingeumwa. Nami nikamwambia mwenye nyumba kwamba mtu aliyeiacha kreti anajulikana. Mwenye nyumba alisema chai iko tayari.

Kakamega hadi Malinya

Kesho yake baiskeli za abiria zilitupeleka Malinya, kila mtu na yake, na hilo lilitufaa.

Mama yake Rodah anaitwa Rael, lakini kila mtu humwita Kukhu, yaani bibi. Uzee umemkunja hadi uso wake uko karibu na kiuno cha mtu wa kawaida. Akikusalimu unainama wewe. Alitupokea kwa furaha, akasikiliza habari za sikio langu kutoka mwanzo hadi mwisho, akacheka mpaka akaketi chini. Halafu akamletea Baba Saidi jogoo na kisu.

"Nyinyi ni Waislamu. Chinja mwenyewe, baba, halafu sisi tupike. Mugeni hawezi kuondoka bila kuku, bila ingokho."

Baba Saidi hajawahi kuchinja hata njiwa. Nyumbani kuku humpelekea muuza nyama wa mtaani kwetu amchinjie. Lakini alikuwa hasemi nami, kwa hiyo hakuweza kunigeukia aniombe ushauri. Alimshika jogoo kwa mashaka, na jogoo akayatambua mashaka yale. Alipiga bawa moja, akaruka, akatimka mashambani. Baba Saidi akamfuata na kisu mkononi, hatua zake ndefu zikivuka matuta ya viazi.

Jogoo aliingia kwenye kipande cha ardhi kisicholimwa, kilichokaa kati ya mistari miwili ya mikonge. Niliona Kukhu ameshika kichwa. "Uwi! Asiingie huko!"

Alikuwa ameshaingia. Nyumba mbili zikafunguka kwa pamoja, moja kila upande. Kutoka moja alitoka Shivachi, mtoto wa kwanza wa Kukhu. Kutoka nyingine alitoka Lijodi, mdogo wake. Kila mmoja alikuwa na jembe. Walimkuta katikati mtu mrefu wasiyemjua, amekamata kisu, anahema.

"Nani amekutuma?" Shivachi akauliza.

"Jogoo," akajibu Baba Saidi.

Kukhu alinieleza wakati maji ya obusuma, ugali wa kwao, yakichemka. Baba yao alipofariki hakuacha mpaka ulio wazi. Shivachi alipanda mikonge hapa juu, karibu na mawe, akasema shamba lake linaanzia hapo kushuka chini. Lijodi naye akapanda yake kule chini, akasema lake linashuka kutoka juu hadi hapo. Katikati kukabaki kipande ambacho wote wawili wanakidai na hakuna anayethubutu kukilima. Tangu hapo hawajasemezana. Mmoja akitaka kumwambia mwenzake jambo, humwambia Kukhu, naye hupiga kelele upande wa pili.

"Mudomo yangu imechoka," alisema.

Nilimtazama Baba Saidi. Alikuwa akimwambia Kukhu amwambie Mama Saidi ampe chumvi.

Jogoo alichinjwa hatimaye, na firigisi akapewa Baba Saidi kwa heshima ya mwanamume wa safari. Alimega kipande kidogo akakiweka kwenye ukingo wa sahani yangu bila kunitazama. Nilikila.

Juu ya mawe

Alfajiri tulipanda kwenye mawe yaliyo nyuma ya nyumba ya Kukhu. Rodah hakudanganya. Chini yetu mashamba madogo yalishuka bondeni kama shuka zilizoanikwa, ukungu umelala kati ya mikaratusi, na mbali kabisa vilima vikianza kuwa vya bluu. Jua lilikuwa bado halijachomoza. Filamu tuliyokuwa nayo ilitosha, lakini mwanga wa namna ile huja mara moja na kuondoka.

Baba Saidi akafungua stendi kwa kimo chake. Hakuwa ameweka kamera bado, na watu walikuwa wameshajaa.

"Hiyo miguu tatu naijua," alisema mzee mmoja. "Ni ya sovea. Serikari imekuja kupima."

"Si ya sovea," akasema mwingine. "Hiyo inatafutanga dhahabu. Inaonyesha hadi chini ya mawe."

Nilieleza kwamba ni kamera. Wakaitikia kwa vichwa, kama watu wanaojua kwamba sovea hawezi kusema ukweli mbele ya umati. Shivachi na Lijodi wakafika, kila mmoja kwa njia yake.

Niliomba nisaidiwe kupanda jiwe dogo nichungulie. Kutoka kimo cha Baba Saidi, kamera iliona vizuri mno. Iliona mikonge ya juu, mikonge ya chini, na kile kipande cha ubishi katikati, kipana, kitupu, kimeikata picha yote vipande viwili kama kovu.

"Ishushwe," nikasema hewani.

Ikashushwa hadi kwenye jicho langu. Mikonge ya juu ikapanda ikaifunika ile ya chini. Shivachi akaomba kuchungulia. Alikaa humo muda mrefu, akainuka ameng'aa.

"Huyu mama anajua kazi! Mwambie huyo," akamwambia Kukhu, akimaanisha ndugu yake, "kamela imeona mukonge moja tu. Yangu."

Lijodi akachungulia, akakasirika. "Mwambie huyo kamera imewekwa chini kwa makusudi. Irudishwe pale kwa huyu mzee murefu. Pale ndio inaonanga kila kitu!"

"Asante," akasema Baba Saidi.

"Ibaki hapo!"

"Ipande!"

Stendi ikapandishwa, ikateremshwa, ikapandishwa tena. Umati ukagawanyika pande mbili. Ukungu ulianza kuwa wa waridi, nami nilitaka kulia. Mbele ya lenzi walikuwa wamesimama watu wengi, kila mmoja akitafuta alama za mpaka, na mchapishaji alikuwa amekataza hata mmoja.

Ndipo ngoma za isukuti zikasikika barabarani. Fahali alikuwa akipelekwa uwanjani kupigana, mweusi, shingo nene kama gunia la mahindi, watu wakimwimbia na kukimbia kando yake. Umati wetu ulisahau sovea, dhahabu na mikonge. Kwa kufumba na kufumbua mawe yalikuwa matupu. Tulibaki sisi wawili, wale ndugu wawili ambao hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka, na Kukhu.

"Na mimi nione," Kukhu akasema.

Baba Saidi akamtafutia jiwe la kupandia.

"Sipandi kitu. Huyu mama alipanda, nyuki ikamula sikio."

Baba Saidi alitazama stendi, akatazama ule mgongo uliokunjika. Halafu akapiga magoti kwenye tope jekundu, akaikunja miguu ya stendi yote hadi ikawa fupi kama kigoda, akaishikilia isitikisike. Kukhu akasogea, akachuchumaa, akaweka jicho.

Aliondoa jicho, akalirudisha. Kisha akasema, "Shamba imepotea."

"Imepotea namna gani?" wanawe wakauliza pamoja.

Shivachi akapiga magoti akachungulia. Lijodi akamsukuma, akachungulia. Nikaona midomo yao imeachana, nikajitupa chini kwa tumbo, sikio bovu likasuguana na jiwe, nikaweka jicho langu.

Kutoka chini kule, ukingo wa jiwe ulikuwa umeinuka pamoja na nyasi zake, kila jani na tone lake la umande, ukafunika mikonge ya juu, mikonge ya chini na kipande chote cha ubishi. Nyasi zilianza, na baada ya nyasi lilikuja bonde lenyewe, ukungu, mikaratusi, vilima. Hakuna kilichokatwa.

"Mama Saidi," akaniambia mume wangu, mimi mwenyewe, si mtu mwingine. "Jua."

Nilibonyeza. Nikazungusha filamu, nikabonyeza tena, na tena, huku yeye naye amelala kwa tumbo, amekumbatia miguu ya stendi, shavu lake karibu na langu, hapumui. Sijui ilichukua muda gani. Mwanga ulipopanda ukawa mweupe, tuliachia pumzi pamoja.

Nyuma yetu niliwasikia wale ndugu.

"Wewe uliona mukonge?" Shivachi akauliza.

Lijodi akapangusa tope magotini.

"Mimi sikuona," akasema Lijodi.

"Hata mimi." Halafu, baada ya kufikiri, "Hiyo jiwe ya mbele ni yangu, lakini."

"Yako? Tangu lini?"

"Tangu baba!"

Wakaanza. Walipigizana kelele uso kwa uso, bila wakala, mikono hewani. Kukhu alikaa juu ya jiwe lenyewe lililokuwa likigombaniwa, akakunja mikono, akapumzisha mdomo wake.

Nakuru

Filamu ziliposafishwa, ile ya Bukura ilikuwa na wingu na kipande cha kidole changu. Zile za Malinya tulizitandaza mezani. Tuliisafisha picha ya tatu kwa ukubwa, tukaipeleka kwa mchapishaji.

Rodah amepata habari za kwao. Kipande bado hakijalimwa. Lakini ndugu zake sasa hugombana kila siku wenyewe kwa wenyewe, na siku moja waligombana mpaka giza likaingia, wakala wote chakula cha usiku kwa Lijodi kwa sababu hakuna aliyetaka kuacha neno la mwisho kwa mwenzake. Kukhu analalamika kwamba hasikii redio.

Mchapishaji aliishika picha yetu karibu na dirisha kwa muda mrefu. Akasema ndiyo atakayoweka Januari, na kwamba twende tukazungumze habari za kurasa nyingine. Kisha akamtazama Baba Saidi, akimpanda kwa macho kutoka viatu hadi nywele, kama watu wote wanavyofanya wanapomwona mara ya kwanza.

"Naelewa sasa," akasema. "Ukiwa na urefu huu unafika mahali wengine hawafiki. Ulisimama juu ya nini?"

Nilisubiri. Ilikuwa nafasi yake, na mimi nisingemkatiza.

"Nililala chini kwa tumbo," akasema Baba Saidi, "kando ya mke wangu."